UZI: Mustang kupe ya 1965, kuifufua na kuiongezea nguvu. Nianzie wapi?

Mtaa wa Saba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kupe ninayoizungumzia si yule mdudu wa ng'ombe, ingawa kwa kunyonya naambiwa ni ndugu. Ni Ford Mustang ya milango miwili, paa la bati, mwaka 1965, iko Ohio. Taarifa zake:

VIN (namba ya utambulisho wa gari) inaanza na 5F07T, imegongwa juu ya bati la ndani la fenda, upande wa dereva.
Injini iliyomo ni V8. Muuzaji anasema ni 289, yaani ukubwa wake kwa kyubiki inchi.
Gia boksi ni otomatiki, C4.
Nati nne kila gurudumu, breki za dramu zote, masta silinda ya chumba kimoja.
Zulia la upande wa dereva linanuka ukungu. Rangi inang'aa, imepigwa si zamani.

Mpango wangu: rangi mpya kwanza, rimu za inchi 17, kisha injini ya Coyote 5.0 (V8 ya kisasa ya Ford) na gia sita za mkono. Matumizi ni wikiendi, na safari ndefu za barabara kuu mara mojamoja. Nina gereji ya nyumbani, welda ya migi na kompresa. Nikosoeni bila huruma.

Fundi Selemala

Mkuu, namba zako zenyewe zinagombana. 5 ni mwaka 1965, F ni kiwanda cha Dearborn, 07 ni kupe, T ni silinda sita za mstari mmoja, 200 kyubiki inchi. Gari hilo halikuzaliwa na V8. Ingekuwa C ni 289 ya kabureta ya midomo miwili, A ni ya midomo minne, na K ndiyo ile ya nguvu farasi 271 inayowafanya watu waghushi vibati.

Kwa hiyo kuna mtu aliichomoa sita akatia nane. Nati nne zinasema aliishia hapo hapo. Mustang za V8 zilitoka kiwandani na nati tano. Nne ni za sita. Maana yake huenda bado una dramu za mbele za inchi 9 badala ya 10, spindo nyembamba, tairodi endi ndogo, springi laini na difu ya inchi 7.25. Uzito wa V8 unasimamishwa na breki za gari dogo, na breki zenyewe ziko kwenye mzunguko mmoja: paipu moja ikipasuka, pedali inagusa sakafu na magurudumu yote manne hayana breki. Ford walianza kuweka masta ya vyumba viwili kwenye Mustang za 1967.

Fanya mambo matatu leo, bila kununua kitu. Lala chini uchungulie difu kwa nyuma: ikiwa na kifuniko cha bati chenye bolti, ni ile dhaifu, mgongo ukiwa laini na tumbo linafunguka kwa mbele, ni ya inchi 8. Pili, soma namba iliyosubuliwa kwenye bloku, upande wa kulia chini, juu ya stata. Tatu, soma kibati kilichopo kwenye mlango wa dereva ujue gari lilizaliwa na nini.

Na rangi ni ya mwisho.

Puti Nyembamba

Hiyo harufu ya ukungu inanitisha kuliko injini. Chini ya kioo cha mbele kuna matundu membamba ya kuingiza hewa. Chini yake kuna kisanduku cha bati, sisi tunakiita kaoli, na ndani yake kuna vikofia viwili vilivyosimama kuzuia maji yasiingie kwa abiria. Maji, majani na vumbi hukaa humo miaka sitini. Kwa Ohio, ongeza chumvi ya barabarani. Vikofia huoza pale vinapoungana na bati, na kutoka nje huoni kitu.

Toa zulia. Mwaga lita tano za maji polepole kwenye matundu, upande mmoja kisha mwingine, huku mtu amelala chini ya dashibodi na tochi. Usitumie bomba la presha, litakuonyesha uvujaji ambao hautokani na kaoli. Tuambie kilichotokea kabla hatujaendelea na habari za Coyote.

Farasi Mwitu

Mimi natofautiana na wazee kidogo. Coyote ni injini ya kisasa, nguvu farasi 412 ilipotoka kwenye Mustang ya 2011, inawaka kwa ufunguo mmoja asubuhi ya baridi, haivuji oili. Ukishafumua gari zima, kwa nini urudishe teknolojia ya 1962?

Bi. Toki

Kaka Farasi, kwa sababu ya upana. Coyote ina kamshafti mbili kila upande, silinda hedi zake ni pana mno kwa minara ya shokapu ya 1965. Lazima minara ikatwe. Ukikata minara umeondoa kinachobeba springi za mbele, kwa hiyo unanunua sasipenshini mpya nzima ya mbele, stiringi reki, sampu maalumu, eksozi maalumu, mfumo wa petroli ya presha, na kompyuta. Huo si mradi wa injini, ni wa kujenga gari upya kuanzia kwenye kioo kwenda mbele. Anayejua kuchomelea chesi kwa vipimo na ana jigi, afanye. Mwanzisha uzi ana migi ya nyumbani na gari ambalo halijathibitishwa kama lina sakafu.

Mtaa wa Saba

Majibu wakuu. Difu ina kifuniko chenye bolti. Bloku imeandikwa D4DE-6015. Kibati cha mlangoni, chini ya gia boksi, kinasema 1. Maji: upande wa dereva yanatiririka juu ya pedali, upande wa abiria yanadondoka karibu na hita. Sakafu ya dereva ina bati lililobandikwa kwa ripiti na sila nyeusi.

Fundi Selemala

Namba za Ford ni rahisi. Herufi ya kwanza ni muongo: C ni miaka ya 60, D ya 70, E ya 80. Tarakimu inayofuata ni mwaka. D4 ni 1974. Hiyo si 289, ni 302 ya enzi za kubana moshi, ambayo kwa midomo miwili ilitoa karibu farasi 140. Na 1 ya mlangoni ni gia tatu za mkono, kwa hiyo hata C4 ni mgeni.

Usisikitike. Mwaka huo wa 1965 zilitengenezwa kupe 501,965 kati ya Mustang 680,989. Kupe ya silinda sita isiyo na vifaa vyake vya asili haina historia ya kulinda. Una ruhusa ya kuiboresha na bado ukalala usingizi mzuri. Ila siku ukiuza, uza kama T, usimwambie mtu ni C.

Jambo moja la kuandika ukutani gereji: hiyo 302 ina balansi ya nje (uzito wa kusawazisha ulio nje ya krankishafti) ya aunsi 28. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 80 Ford walihamia aunsi 50. Balansa ya mbele na sahani ya nyuma, iwe fleksipleti ya otomatiki au flaiwili ya klachi, lazima zote mbili zifuate krankishafti. Ukichanganya, injini inatetemeka kuanzia mizunguko ya chini na beringi kubwa zinakwisha. Watu wamevunja gia boksi wakidhani tatizo liko huko.

Puti Nyembamba

Haya, sasa kutu. Uvujaji pande zote mbili maana yake kaoli inafunguka. Kuziba kwa fibaglasi kutoka ndani ni kununua mwaka mmoja.

Mpangilio wa kazi. Kwanza pima na upige picha nafasi za milango, fenda na boneti, uandike milimita juu ya teepu ya karatasi. Gari hili halina chesi ya kujitegemea. Sakafu, vizingiti na reli ndizo chesi. Ukikata sakafu bila kulizuia, mlango hautafunga tena. Chomelea bomba la mraba la inchi moja kutoka bawaba ya mlango hadi nguzo ya nyuma, na jingine kuvuka kutoka upande hadi upande. Stendi ziwekwe chini ya difu na chini ya wishboni za mbele ili gari likae kama linavyokaa barabarani, si kwenye reli tupu.

Kisha toa boneti, fenda zote mbili, kioo cha mbele, dashibodi na hita. Bati la juu la kaoli limeshikwa na pointi za welding zaidi ya mia. Zitafute kwa brashi ya waya, zipige senta panchi, kata kwa biti maalumu ya pointi ya milimita 8, na ukate bati la juu tu. Ukipitiliza hadi la chini unajitafutia kazi ya kujaza matundu. Bati likitoka utaona ukweli. Vikofia vikiwa vimeoza lakini sakafu ya kaoli ni ngumu, vipo vipande vya kurekebishia. Sakafu yake ikitoboka, nunua kaoli nzima ya chini na ya juu. Kuunganisha viraka kumi hakukuokolei kitu.

Kabla ya kufunga: praima ya zinki ya kuchomelea pale bati mbili zinapolaliana, plagi weld (kujaza tundu kwa welding) kwenye kila tundu, epoksi ndani yote, sila kwenye kila kiungo, kisha RUDIA kipimo cha maji wakati bado inafikika. Watu husahau hili, wanafunga, wanapiga rangi, mvua ya kwanza zulia linalowa.

Sehemu nyingine za kuchokonoa kwa bisibisi, si kwa macho:
– bati chini ya betri, kona ya mbele kulia. Asidi hula hadi reli ya mbele iliyo chini yake
– toki boksi, pale reli ya mbele inapokutana na kizingiti
– reli ya nyuma juu ya difu na pale majani ya springi yanapofungwa
– kingo za sakafu ya buti
– pembe za chini za kioo cha nyuma

Hiyo ya sakafu ya buti ina jambo jingine. Kwenye gari hili, mgongo wa tanki la petroli NDIYO sakafu ya buti. Tanki la galoni 16, karibu lita 60, halafu kiti cha nyuma kilichozibwa kwa kadibodi. Ukiwa unachomelea nyuma, tanki litoke nje ya gereji kabisa, si kwenye kona. Na wakati wa kurudisha, weka bati la chuma kati ya buti na kiti cha nyuma. Halionekani, ni jepesi, na ndilo linalotenganisha petroli na watoto.

Puti isizidi milimita 3 baada ya msasa. Ukihitaji zaidi, bati halijanyooka. Mchanga wa presha usipige boneti wala paa, bati litapata mawimbi. Tumia kemikali au diski laini. Na rangi za vijenzi viwili zina aisosaineti: kinyago cha kaboni peke yake hakitoshi, unahitaji kinachovuta hewa safi kutoka nje.

Mtaa wa Saba

Bi. Toki, breki na mbele vipi? Naona kila mtu anauza kit (seti ya vipuri) ya diski, bei zinatofautiana mno.

Bi. Toki

Usinunue kit ya kubadilisha breki za silinda sita kwenda diski. Zipo, zinabaki na nati nne na spindo ile ile nyembamba. Badilisha mbele yote iwe ya V8 kwa mkupuo mmoja: spindo, tairodi za ndani na nje, sentalinki inayolingana na stiringi boksi yako, na springi. Spindo ya V8 na tairodi ya sita hazikutani, tundu la koni ni tofauti.

Njia mbili zinazoeleweka. Ya kwanza ni diski za muundo wa Kelsey-Hayes za pistoni nne, ambazo Ford waliuza kama nyongeza kwenye Mustang za 1965 hadi 1967. Vipuri vipya vinapatikana na rimu nyingi za inchi 14 zinapita. Ya pili ni spindo za Ford Granada za 1975 hadi 1980, rahisi zaidi, ila jiometri ya mkono wa stiringi si ile ile. Usipoirekebisha, gari linageuka lenyewe kila ukipita tuta, yaani tairi zinajielekeza upande kadiri mbele inavyopanda na kushuka. Kwa safari ndefu mimi nachagua ya kwanza.

Masta silinda: vyumba viwili, iliyotengenezwa kwa diski mbele na dramu nyuma. Bila busta, kipenyo cha inchi 15/16 hadi 1. Kikubwa zaidi pedali inakuwa ngumu kama kukanyaga ukuta. Hapa ndipo wengi hukosea: masta ya dramu kwa dramu ina valvu ndogo ya kubakiza presha, karibu psi 10, ndani ya tundu la kutokea. Dramu zinaihitaji. Diski haziihitaji. Ukiiacha upande wa mbele, pedi zinasugua muda wote, diski zinageuka bluu, na unaanza kulaumu kalipa. Masta iko juu kuliko kalipa, kwa hiyo mbele hakuna valvu yoyote. Nyuma weka valvu ya kugawa presha inayorekebishika, ianze ikiwa imefungwa, ifungue kidogo kidogo kwenye uwanja mtupu hadi nyuma iwe inakaribia kufunga baada ya mbele, kamwe si kabla.

Toa upepo kwenye masta juu ya meza kabla ya kuifunga. Paipu zote mpya, na hozi tatu za mpira mpya hata kama za zamani zinaonekana nzuri. Huvimba kwa ndani.

Mzee wa Platini

Na oili ya breki ya silikoni, DOT 5? Haili rangi.

Bi. Toki

Haili rangi kweli, mzee wangu, lakini haichanganyiki na DOT 3 wala 4, na ni ngumu kuitoa upepo. Mfumo ukiwa mpya kabisa, mkavu, chaguo ni lake. Mimi naweka DOT 4 na kuibadilisha kila miaka miwili.

Naendelea na sasipenshini. Springi za mbele zinakaa juu ya wishboni ya juu, ndani ya mnara, zimebanwa kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Tumia kompresa ya springi inayoingia ndani ya mnara. Ile ya kulabu mbili za nje iache dukani.

Wishboni ya juu ishushwe inchi 1. Ni kazi ya Klaus Arning, mhandisi wa Ford, ikatumika kwenye Mustang za Shelby. Unatoboa matundu mawili mapya kila mnara, biti ya 17/32, kwa kutumia kipimo cha bati. Faida: gari likilala kwenye kona, tairi ya nje inabaki imekanyaga barabara vizuri badala ya kubingirika kwa ukingo. Mbele inashuka kidogo pia. Usizidi inchi 1 bila kabari, bol joint itafika mwisho wa mwendo wake na kukatika shingo. Hii ndiyo kazi ya bei ndogo yenye faida kubwa kuliko zote kwenye gari hili.

Springi za V8 zilizokatwa kwa kushusha inchi moja, karibu pauni 620 kwa inchi. Nyuma majani manne na nusu. Badilisha mabano mawili ya bati kati ya minara na ukuta wa injini uweke lile la kipande kimoja, na bomba la kuvuka mnara kwa mnara. Mnara wa Mustang huinamiana ndani polepole. Bomba la kuvuka lisipoingia matundu yake bila kulazimishwa, minara imeshasogea, na lazima isukumwe kwanza. Reli za kuunganisha mbele na nyuma zichomelewe gari likiwa limesimama kwa uzito wake.

Alaimenti usikubali namba za kitabu cha 1965, ziliandikwa kwa tairi za zamani zisizo za radial. Kasta (kuinama kwa mhimili wa stiringi kuelekea nyuma) digrii +2.5 hadi +3 kwa stiringi isiyo na pawa, kamba (kulala kwa tairi ndani au nje) −0.5, to-in (tairi kuelekeana kwa mbele) inchi 1/8. Kwenye 1965 na 1966 kasta na kamba hurekebishwa kwa shimu za wishboni ya juu, to-in kwa tairodi, kwa hiyo mtafute fundi asiyeogopa shimu.

Difu: tafuta ya inchi 8 kamili, kutoka Mustang au Ford Maverick ya V8. Pima flenji hadi flenji. Ya Mustang 1965–66 ni inchi 57 na robo. Ukiipata una nati tano nyuma na breki za inchi 10 kwa pamoja.

Farasi Mwitu

Sawa, Coyote nimeiachia. Basi Explorer 5.0?

Fundi Selemala

Hapo umesema. Ford Explorer ya 1996 hadi 2001 yenye V8 ina tapeti za rola na hedi bora kuliko za 1974 kwa mbali. Lakini ihesabiwe na mitego yake yote, isije ikawa rahisi ya ghali.

Ni ya aunsi 50, kwa hiyo fleksipleti mpya. Sampu yake haikai kwenye Mustang ya zamani. Unahitaji sampu yenye tumbo mbele pamoja na bomba lake la kunyonya oili. Kava ya taimingi haina nafasi ya pampu ya petroli ya mitambo: ama kava ya zamani na ekisentriki, ama pampu ya umeme. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-7-2-6-5-4-8, si ule wa 302 ya zamani, 1-5-4-2-6-3-7-8. Ukipanga waya kwa mazoea, itapiga mizinga kwenye kabureta. Na zile zenye hedi za GT40P plagi zake zimekaa kwa pembe tofauti, eksozi za mirija za kawaida zinagonga waya za plagi. Nunua zilizoandikwa kwa hedi hizo.

Njia ya pili ni kubaki na bloku yako. Fungua, pima silinda. Ikiwa mbonyeo na uduara bado viko ndani ya kipimo, ringi na beringi tu. Hedi za aluminiamu zenye chemba ya cc 58 hadi 60 zinarudisha mgandamizo ulioibiwa mwaka 1974, na zinakuja na siti ngumu za valvu zinazostahimili petroli isiyo na risasi, na stadi za roka za kufunga kwa uzi. Hedi nyingi za zamani zina stadi zilizopigwa kwa presha. Ukiweka kamshafti ya kuinua zaidi, zinachomoka.

Kabla ya kufunga moja kwa moja, bandika udongo wa kuchezea juu ya pistoni, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, fungua, kata udongo, pima. Nafasi isipungue inchi 0.080 kwa valvu ya kuingiza na 0.100 ya kutoa.

Bolti za hedi kwa mzunguko, 50, kisha 60, kisha 65 hadi 72 pauni-futi. Zile za chini zinaingia kwenye maji, paka sila ya uzi. Fimbo za pistoni 19 hadi 24, vichwa vya beringi kubwa 60 hadi 70.

Kamshafti ya tapeti bapa ukiiweka mpya: grisi ya moli kwenye kila nundu, oili yenye zinki nyingi, na ikiwaka tu ipeleke mizunguko 2,000 kwa dakika 20 hadi 30, ukiipandisha na kuishusha. Isiachwe kusailensa (kuzunguka polepole bila kukanyagwa mafuta) hata dakika moja. Kwa hiyo taimingi, petroli na maji yawe tayari kabla. Kamshafti nyingi hufa katika nusu saa ya kwanza kwa sababu mtu alikuwa anatafuta mahali pa kuunga hozi.

Mtaa wa Saba

Na kabureta? Nimepewa ya cfm 750 (futi za ujazo za hewa kwa dakika) bure.

Mzee wa Platini

Cha bure kina gharama, kijana. Piga hesabu: 302 mara 6,000, gawa kwa 3,456, ni 524. Injini ya barabarani hujaza kama asilimia 85, kwa hiyo 446. Kabureta ya 500 hadi 600 inatosha na inabaki. Hiyo 750 hewa itapita kwa uvivu, haitavuta petroli vizuri chini, gari litasita ukitoka kwenye taa.

Kuhusu jina langu: platini zilitosha enzi zake, nafasi ya inchi 0.017, lakini kit ya elektroniki inayoingia ndani ya distribyuta ile ile ni bora kwa safari. Kosa la kila siku ni kuilisha kutoka waya wa pinki ulioko nyuma ya swichi ya ufunguo. Huo ni waya wa upinzani, unapunguza volti makusudi ili platini zisiungue. Elektroniki inataka volti 12 kamili. Weka relei, waya wa pinki uamshe relei tu.

Waya Mweusi

Na usiishie hapo. Kwenye Mustang hii umeme wote wa taa za mbele unapita ndani ya swichi ya dashibodi. Relei mbili karibu na rejeta, moja ya taa fupi na moja ya ndefu, swichi inabaki kutuma ishara. Taa zinang'aa zaidi na swichi haiungui.

Ukiweka alteneta ya Ford ya kisasa ya ampia 130, waya wa zamani wa kuchaji usiutumie kabisa. Kebo ya geji 4 moja kwa moja hadi kwenye relei ya stata upande wa betri, na fyuzi kubwa ya 150. Geji za joto na petroli haziendi kwa volti 12, zina kirekebishi kidogo nyuma kinachozipa wastani wa volti 5. Ukiunga geji moja kwa moja kwa kujaribu, umeichoma. Na waya wa ethi kati ya injini na bodi urudishwe baada ya rangi. Rangi mpya huziba ethi zote, halafu mtu anafungua stata isiyo na kosa.

Maskati 968

Salaam kutoka Muscat. Huku kupe za Kimarekani zipo na joto linafika 45. Hilo gari likifika kwenye foleni litachemka?

Fundi Selemala

Rejeta ya asili ya 1965 ni nyembamba, ndugu. Ya aluminiamu ya safu mbili nene, kava ya feni, na feni iingie nusu ndani ya kava: ikizama yote au ikabaki nje yote haivuti. Thermostati ya 180, yaani sentigredi 82, kuitoa hakusaidii. Na angalia mwelekeo wa pampu ya maji. Pampu ya mkanda wa V huzunguka upande mmoja, ile ya mkanda mpana wa injini za baadaye huzunguka kinyume. Kwa nje zinafanana. Ukifunga isiyo yake, gari linapoa vizuri likiwa baridi na kuchemka dakika kumi baadaye, na utabadilisha kila kitu isipokuwa pampu.

Mtaa wa Saba

Nimeandika upya: (1) picha, vipimo, mifuko yenye lebo; (2) kuzuia bodi, kaoli, sakafu, toki boksi; (3) mbele yote ya V8 na diski, difu ya inchi 8; (4) 302 yangu na hedi mpya, kabureta 600; (5) waya; (6) kuendesha na praima; (7) rangi. Akiba ya robo ya bajeti isiguswe hadi hatua ya 5. Gia boksi ndiyo inanisumbua.

Bi. Toki

Sasa unasomeka. Kwa barabara kuu C4 haina ovadraivu. Kwa difu ya 3.25 na tairi ya kipenyo cha inchi 25, maili 70 kwa saa ni mizunguko kama 3,060. T5, gia boksi ya mkono ya gia tano, ya Mustang ya V8 ya 1985 hadi 1993, gia ya tano ni 0.68, unashuka hadi 2,080. Za 1990 hadi 1993 zimepimwa kwa pauni-futi 300, za kabla yake 265. Iache ya 1994–95, shafti yake ya mbele ni ndefu zaidi. Bloku yako ya 1974 ina bolti sita za belhausi, itapokea. Ongeza kwenye orodha: beringi ndogo ya nyuma ya krankishafti, ambayo gari la otomatiki halina, flaiwili ya aunsi 28 (duka watakupa ya 50 kama hukusema), pedali za klachi, krosimemba na propela kupimwa upya. Na kwa kuwa dashibodi itakuwa nje wakati wa kaoli, pedali zifungwe wakati huo, si baadaye ukiwa umelala chali.

Mtaa wa Saba

Na rimu za 17?

Bi. Toki

Kaa kwenye 15 kwa 7, nafasi ya nyuma inchi 4 na robo, tairi 205/60 mbele. Lakini usiagize hadi diski na difu ziwe zimefungwa na gari liko chini. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, pima kwa udongo ule ule wa pistoni kati ya tairi na ukingo wa fenda, ndipo ulipe.